Nimemaliza Dark Fire saa nane usiku

Nimefunga kitabu na moyo bado unadunda. Hii ni hadithi ya pili ya C. J. Sansom kuhusu Matthew Shardlake, wakili mwenye kibyongo wa London. Ya kwanza, Dissolution, niliipenda mno, nikaogopa ya pili itapwaya. Haikupwaya hata kidogo.

Ni majira ya joto, mwaka 1540. Binti mmoja anatuhumiwa kumuua binamu yake, naye kafunga mdomo kabisa. Na sheria ya Uingereza enzi hizo ilikuwa katili: mshtakiwa akikataa kujibu shtaka, alilazwa chini akarundikiwa uzito mpaka ajibu au afe. Hapo ilibidi nikiweke kitabu pembeni kwanza. Yule binti amenikaa rohoni kuliko hata siri ya moto wa Kigiriki, silaha ya kale iliyowaka juu ya maji.

Halafu Thomas Cromwell, mtu mkubwa wa mfalme Henry wa Nane. Alikatwa kichwa Julai 28 mwaka ule ule, kwa hiyo kila anapoingia unajua siku zake zinahesabika, yeye hajui. Nimemhurumia, pamoja na ukatili wake wote! Ya tatu naianza Jumamosi.