Nilivyoisoma historia ya vitabu vya baba mdogo

Baba mdogo hakuacha orodha yoyote. Aliacha makasha ya vitabu, baadhi yameguswa na mchwa, na mama mdogo akaniambia: "Wewe ndiwe msomaji. Vipange, la sivyo nivichome." Marehemu alikuwa mwalimu Nakuru, na mtu wa siasa za mageuzi.

Kuvu niliifuta kwa brashi kavu, nikaanika kivulini penye upepo, maana jua kali huifanya karatasi ivunjike. Vyenye dudu nilivifunga kwenye nailoni nikavitia friza.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvipanga kwa mwaka alioupata kila kimoja. Nilitazama mihuri ya maduka, bei zilizoandikwa kwa penseli, risiti zilizosahaulika ndani. Kitabu maarufu cha Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilikuwa chapa ya kwanza, ya 1972, ile ya Tanzania Publishing House na Bogle-L'Ouverture ya London. Vya Progress Publishers, wachapishaji wa Kisovieti, huomba mwishoni msomaji atume maoni Zubovsky Boulevard, Moscow. Katika kimoja baba mdogo alikuwa ameanza kujibu, akilalamikia tafsiri!

Halafu pengo: baada ya 1982 hakuna kitabu cha siasa hadi 1992. Juni 1982 Kenya ilifanywa ya chama kimoja kisheria, Agosti likaja jaribio la mapinduzi, na Oktoba mwanahistoria Maina wa Kinyatti akafungwa miaka sita kwa kupatikana na karatasi ya uchochezi. Nani angenunua? Kifungu cha 2A cha katiba, kile kilichoruhusu chama kimoja tu, kiliondolewa Desemba 1991.

Vya kabla ya pengo hilo alivizika shambani ndani ya debe. Nilivitambua kwa alama ya maji: vyote vina mstari wa kahawia kwenye kimo kimoja, na kurasa zenye jina lake zimechanwa. Kilichonitatiza ni riwaya ya mapenzi, nayo ina mstari uleule. Riwaya ya mapenzi izikwe kwa nini? Mama mdogo aliifungua akanionyesha jina la aliyempa zawadi, mwalimu mwenzake aliyekuwa amekamatwa. Hatari ilikuwa jina hilo.

Vya siasa nimeipa Maktaba ya Ukombozi, Nairobi, pamoja na orodha inayoonyesha vipi vilizikwa. Riwaya mama mdogo amekataa kuitoa, anaisoma.