Kodi ya kaboni na dumu langu la petroli

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na nahodha wangu huzijua kabla yangu. "Tajiri, petroli imepanda," ananiambia mwaloni Kibirizi, hata salamu bado. Sisi Kigoma tuko mwisho wa reli. Lita ikifika huku imeshabeba nauli yote ya kutoka Dar es Salaam.

Ndiyo maana niliposikia habari ya kodi ya kaboni, yaani kutozwa kwa kila tani ya hewa ukaa, gesi inayoongeza joto duniani, nilichukua kalamu. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 46. Afrika Kusini walianza mwaka 2019 kwa randi 120 kwa tani. Dumu langu lingedaiwa randi tano na nusu. Hiyo naimudu. Sweden, walioanza 1991, sasa wanatoza zaidi ya yuro 100 kwa tani. Hapo dumu linapita yuro nne na nusu, na usiku ambao dagaa hawakuonekana unalipa vilevile.

Lakini siipingi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Wakati huo tulivua kwa karabai: unapampu, unasubiri iwake, tone la maji likirukia kioo cha moto kinapasuka mkononi mwako. Tulinung'unika mwalo mzima. Kisha taa za betri zikafika madukani, nikanunua mbili, baadaye nne, na mafuta ya taa sijayanunua tena. Bei ilitusukuma, na taa mpya ilikuwepo ya kukimbilia.

Kwa injini bado. Sijaona hapa kwetu injini ya betri ya kwenda ziwani usiku kucha na kurudi alfajiri. Nikitozwa leo nitaunguza petroli ileile, ila vibarua wangu watapata pungufu. Uswisi hurudisha takriban theluthi mbili ya makusanyo, na mwananchi hupata fungu lake kwenye bima ya afya. Mpango wa namna hiyo ningeuunga mkono kesho, ilimradi waanze na viwanda vikubwa vinavyochoma makaa ya mawe.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya ziwa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na chakula cha dagaa hutegemea virutubisho vinavyopanda kutoka chini. Maji ya juu yakizidi joto, hayachanganyiki na ya chini. Joto hilo halikutoka kwenye madumu yetu peke yake, ila chanja zitakazobaki tupu ni zetu.

Nilipomweleza nahodha, aliuliza jambo moja tu: "Hiyo pesa itarudi huku mwaloni?" Nimeliandika swali lake kwenye daftari la mauzo. Diwani akija, ndilo nitakaloanza nalo.