Akiki ya Felix

Babu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kisiwani Lamu. Kidoleni alivaa pete ya akiki nyekundu, na mkono huohuo ndio uliovuta uta wa keke, chombo cha kutobolea mbao, kutwa nzima, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka ncha ichomoze upande wa pili wa ubao.

Februari 2014 nilikuwa masomoni Uingereza. Jumamosi moja mvua ikanikuta Oxford, nikajisitiri ndani ya Ashmolean, makumbusho ambayo kuingia ni bure. Nikazunguka bila mpango, hadi kwenye kabati la vioo nikaona akiki. Upana wake hauzidi sentimita 4. Nilichuchumaa ili taa ipite ndani ya jiwe, na hapo watu wakajitokeza.

Diomedes, shujaa wa Kigiriki katika hadithi za vita vya mji wa Troy, yuko juu ya madhabahu, mguu mmoja ameunyoosha kama anayeshuka, mkononi ana Palladion, sanamu ya mungu wa kike Athena ambayo ikiwa bado imo Troy, mji hautekwi. Mwenzake Odysseus amesimama mbele yake, amenyoosha mkono kuonyesha maiti ya mlinzi chini. Wameiba usiku, wako katikati ya maadui, na bado wanagombana! Hata misuli ya tumbo la Diomedes ilihesabika.

Maandishi yake ni ya Kigiriki. Mwenye jiwe ni Kalpournios Severos. Aliyelichonga ni Felix, katika karne ya kwanza, enzi za Warumi. Baadaye likawa mali ya Papa Paulo wa Pili, aliyefariki 1471. Mimi aliyenishika ni Felix. Picha imezama jiweni, kwa hiyo kwenye nta ya muhuri hutoka imeinuka na kulia kumekuwa kushoto. Fundi alipaswa kuiona kinyume kichwani kabla hajaanza. Na wachongaji wa zama zile walitumia keke: uta, ncha nyembamba, mafuta na unga wa jiwe gumu. Kinachokata akiki ni ule unga. Chuma peke yake hakiiwezi.

Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kusema wanafunga.

Nje, chini ya paa la kituo cha basi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Keke ya babu bado ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo darini. Ila upote wake umekatika."

Nikamwomba asiitupe.