Jioni ya fondue Gruyères
Jamani, jana tumekula fondue kwenye mgahawa mdogo wa mbao mjini Gruyères, Uswisi. Nje baridi kali, ndani meza zimebanana. Chungu cha jibini iliyoyeyushwa kinakaa katikati juu ya moto mdogo, kila mtu anachomeka kipande cha mkate kwenye uma mrefu na kuchovya. Sisi tuliozoea kula sinia moja tulijisikia nyumbani kabisa! Yetu ilikuwa ya jibini aina mbili, nusu Gruyère, nusu Vacherin, na huyeyushwa kwa mvinyo mweupe, kwa hiyo asiyetumia kileo aulize kwanza. Pembeni chai ya moto. Lakini utamu wenyewe ni ule ukoko wa chini: mhudumu aliubandua, tukaugombania. Halafu wakaleta vitafunio vya ute wa yai na sukari, na krimu nzito ya hapohapo. Nitarudi, tena karibuni.