Simba au Yanga? Mimi Coastal

Leo jioni niko kwa kinyozi, mashine iko kichwani, kijana ananiuliza: "Kaka, wewe Simba au Yanga?"

Nikamjibu Coastal Union.

Akazima mashine. "Sawa, lakini timu yako hasa ni ipi?"

Jamani! Na hapa ni Tanga, siyo Kariakoo. Mkwakwani, uwanjani kwetu, mtu unaenda kwa mguu.

Ubingwa wetu wa ligi ni wa 1988, kinyozi mwenyewe hajazaliwa. Baada ya hapo ni kushuka daraja, kupanda, kushuka tena, kupanda tena. Tumezoea. (Hatujazoea, nasema tu.)

Aliyenitetea ni mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu. Akasogea mezani, akaanza kuipanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya 2022 kule Arusha. Kopo la pauda likawa kipa wa Yanga. Chupa za spiriti, mabeki. Kitana ndiyo Sopu, straika wetu siku hiyo.

Kitana kikapita katikati ya chupa. Bao! Kikapita tena. La pili! La tatu! Mzee anahema kama kacheza yeye.

3-3.

"Halafu ikawaje?" kijana akauliza.

Mzee akamtazama. "Penalti. Wewe nyoa."

Nimecheka mpaka karibu nikatwe sikio.

Wagosi wenzangu wa Coastal, mko wapi? Na wewe unayeshabikia timu ya kukuumiza roho, nani alikurithisha? Semeni hapa chini.

Simba na Yanga someni tu, leo siyo zamu yenu 😂