Debe la mafuta ya taa katika maduka ya kwanza ya Iringa na Mbeya

Ukitaka kuelewa maduka ya zamani ya huku Nyanda za Juu, anza na debe. Iringa ilianza kama boma la Wajerumani mwaka 1896, na Mbeya ikashamiri miaka ya 1930 kwa dhahabu ya Lupa. Mlowezi alikaa shambani kwake, Mufindi au Dabaga. Misumari, chumvi na mafuta ya taa vilikuwa mjini kwa Mhindi. Reli ya karibu ilikuwa Dodoma, kutoka hapo ni lori, na masika lori lilikwama. Chombo kilichofika salama hakikutupwa.

Mafuta ya taa yalikuja kwenye sanduku la mbao lenye madebe mawili, kila moja galoni 4, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yalipokwisha, sanduku lilikwenda kwa seremala na debe kwa fundi bati, ambaye mara nyingi alikaa baraza hiyohiyo na fundi cherehani.

Mbao za sanduku zilikuwa nyembamba. Zilifaa rafu ya majani ya chai na viberiti. Ukizipangia miche ya sabuni bila nguzo katikati, zilipinda. Chumvi haikuwekwa ndani ya debe kabisa, maana inakula bati na kulitoboa. Na mafuta yalikaa mbali na sukari, kwani sukari ikishashika harufu ile hakuna mnunuzi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa fundi bati. Kwanza debe lioshwe kwa maji ya moto na majivu, mpaka harufu iishe. Hili si suala la usafi tu: mvuke uliobaki ndani hulipuka ukikutana na moto, na debe la petroli ni baya zaidi. Likikatwa kitako na kifuniko, likapasuliwa pembe moja na kunyooshwa, hutoa bati la karibu sentimeta 92 kwa 35. Vibanda vingi viliezekwa kwa vipande hivyo. Kutu huanzia kwenye tundu la msumari na ukingo uliokatwa, ndiyo maana fundi mzuri hukunja kingo.

Kulehemu kunataka subira. Chuma cha kulehemu, ambacho kichwa chake ni shaba, hukaa kwenye mkaa mpaka miali inayokizunguka ianze kuonyesha ukijani. Kikiwa chekundu kimepitiliza: ile risasi ya kulehemia iliyopakwa kwenye ncha imeungua, nayo haishiki tena mpaka kipigwe tupa na kupakwa upya. Kikiwa na ubaridi, risasi hukaa juu ya bati kama uji uliomwagika, na ndoo itavuja. Bati lenye mafuta halishiki hata ufanyeje.

Kwenye koroboi wengi waliharibu shingo. Shingo iko karibu na moto, kwa hiyo ukiilehemu, risasi inayeyuka na utambi unadondoka ndani. Shingo hukunjwa na kubanwa. Pembeni yake hutobolewa tundu dogo la hewa. Bila tundu hilo mafuta hayapandi vizuri na taa inafifia.

Sasa upande wa hila. Debe lilikuwa pia kipimo cha mahindi, na madebe sita ndiyo gunia. Duka lenye mwenyewe mjanja lilikuwa na madebe mawili. La kununulia mazao liligongwa kwa ndani mpaka mbavu zikatuna. La kuuzia lilibonyezwa kitako. Kitako cha sentimeta 23 kila upande kikiingia ndani sentimeta 2, limepotea zaidi ya lita moja, na kwa macho huoni kitu. Mnunuzi aliyejua alipitisha mkono chini ya debe kabla ya kupimiwa mahindi yake.

Siku hizi sokoni wengi hupimia ndoo ya plastiki ya lita 20 na bei bado ni ya "debe". Hapo anayepunjika ni mkulima, karibu lita mbili kila mara, kabla hata ya kile kilemba, yaani rundo la nafaka linalowekwa juu ya ukingo.