Nilivyoziba gitaa langu la zamani la besi kwa mpingo

Mafundi wa hapa Moshi walinishauri ujinga jamani. Kona ya fretibodi, ule ubao wa juu ya shingo unaobonyezea nyuzi, imekatika kwenye freti (kile kichuma cha kugawa nota) ya kwanza upande wa waya wa G, ukibonyeza waya unateleza nje na nota haitoki. Mmoja akasema jaza puti upake kiwi nyeusi, mwingine eti tupige msasa besi nzima tumwagie vanishi ya gari. Vanishi ya gari! Sikumpa hata aishike.

Besi nilinunua Arusha kwa mzungu aliyekuwa anauza vyombo arudi kwao, bei siisemi mke wangu anasoma. Imetengenezwa kwa mkono, haina jina popote, shingo imepita katikati ya bodi mpaka mwisho na ni vipande vyembamba vimegandishwa pamoja. Mtindo huo walioufanya ujulikane ni Alembic, watengeneza magitaa wa California, walianza 1969, na besi yao ya mwaka 1972 ilikuwa ya mpiga besi Jack Casady, halafu mpiga besi mwingine Stanley Clarke ndo akawafanya watu wazitamani. Besi ya Fender Precision ya 1951 shingo ni ya skrubu, ikifa unafunga nyingine. Hii yangu shingo ikifa umezika besi.

Vile vipande vyeupe vya shingo ni mbao ya maple, haina ubishi. Vya kahawia kila mtu aliniambia mninga. Nikatoa pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi, nikakwangua kidogo na wembe ndani ya shimo pasipoonekana, nikaiacha wazi dirishani, siku kadhaa pakageuka zambarau kabisa! Ni purpleheart, mti wa Amerika ya Kusini na ya Kati, ukiukata ni kahawia, ukipata hewa na mwanga unakuwa zambarau, ukizeeka unarudia ukahawia. Mninga gani huo.

Fretibodi ni ebony, mbao nyeusi, kwahiyo kiraka nikaona kiwe mpingo, mweusi na mgumu, wazungu wanatengenezea klarineti huo. Shida wauza vinyago wengine wanakuuzia mti mweupe uliopakwa kiwi. Mimi nikaenda na kindoo cha maji na kitambaa chenye petroli. Jamaa akaniuliza, "Mangi, umekuja kununua au kufua?" Kipande cha kwanza kikaacha weusi kwenye kitambaa, nikakirudisha. Cha pili kikaelea. Cha tatu kitambaa kikabaki kisafi na kwenye ndoo kikazama mpaka chini, jamaa mwenyewe akacheka akanipunguzia.

Gundi nyeupe ya mbao niliyoambiwa inashika kila kitu ilibanduka nilivyokaza nyuzi tu, maana mpingo una mafuta. Dawa ni asetoni, na asetoni iko saluni, ile ya kutolea kucha za bandia. Dada akaangalia vidole vyangu, "Kaka, kucha zenyewe ziko wapi?" Futa kipande mpaka kikauke, paka epoksi, ile gundi ya kuchanganya mbili, hapohapo kabla mafuta hayajapanda tena, bana na jiliwa ulale. Ukipiga msasa vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha hatari.

Sasa kuna wanaoniambia sauti imekuwa tamu zaidi sababu ya mpingo. Kakipande kama kucha hakabadilishi sauti, msidanganyane. Ila waya hautelezi tena na nota ya G# ya hapo freti ya kwanza inatoka safi, kwaya wenyewe wameisikia.